"Tumepata ukumbi wa bure": dhana zinazotafuna bajeti za mikutano ya kujitolea

Kamati ya maandalizi ikinipigia simu, sentensi ya kwanza naijua kabla haijatamkwa: "Tumepata ukumbi wa bure, tunaomba utusaidie mengine." Hayo mengine ndiyo mkutano wenyewe. Ukumbi wa bure umeshawachagulia tarehe, mji na saa ya kutoka, na mimi ninaitwa kutafuta fedha za kulipia uamuzi uliokwisha kupita. Ninaowaandikia hapa ni vyama vya kujitolea vya kweli: vikundi vya huduma ya kwanza, vya mazingira, vya vijana wanaofundisha watoto jioni, ambavyo mweka hazina wake ana ajira nyingine Jumatatu hadi Ijumaa. Wenye mfadhili wa kulipa posho ya kulala kwa kila mjumbe wanaweza kuishia hapa.

"Ukumbi ukiwa bure, mkutano umekuwa nafuu"

Haujawa. Mkutano ukishalaza watu, kodi ya ukumbi inabaki mstari mdogo kwenye bajeti. Vitanda, nauli na chakula ndivyo vinavyokula fedha, na vyote vitatu vinategemea ukumbi uko wapi.

Tupige hesabu. Mkutano mkuu wa siku mbili, wajumbe 100. 80 wanatoka mikoani, 20 wanaishi Dar es Salaam. Mwanachama mmoja mwenye cheo ofisini kwao amewapatia ukumbi wa bure Posta, katikati ya jiji. Karibu na Posta hakuna gesti ambayo chama cha kujitolea kinaiweza, kwa hiyo watu wanalala Sinza, Ubungo na Manzese. Chumba kinachofaa tukiweke shilingi 35,000. Mjumbe wa mikoani analala mara tatu, kwa sababu anafika jioni ya kuamkia mkutano na basi la kumrudisha linaondoka alfajiri baada ya kufunga. Watu 80, mara 3, mara 35,000: ni 8,400,000. Ongeza kosta tatu za kuwapeleka na kuwarudisha, 200,000 kila moja kwa siku, siku mbili: 1,200,000. Mmeshafika 9,600,000 na hakuna aliyekunywa hata chai ya saa nne.

Hamishia mkutano uleule Morogoro, kwenye kituo cha mafunzo au hosteli ya taasisi ya dini yenye ukumbi na mabweni ndani ya uzio mmoja. Ukumbi wanautoza 400,000 kwa siku, jumla 800,000. Kitanda kwenye chumba cha watu wawili, 15,000; kwa wale 80 inakuwa 3,600,000. Wale 20 wa Dar nao sasa ni wasafiri. Treni ya SGR ilipoanza safari za Morogoro mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 13,000, basi kwenda na kurudi wote 20 ni 520,000, na kulala mara mbili ni 600,000. Kosta hakuna, wanatembea kwa miguu kutoka bwenini hadi ukumbini. Jumla 5,520,000. Mmelipia ukumbi na mmebakiwa na zaidi ya milioni nne.

Bei za vyumba, kosta na ukumbi nimezitaja kwa mfano tu. Zifute, weka za kwenu. Tofauti itapungua au itaongezeka, ila mara chache sana nimeona ikigeuka upande wa pili.

Hapo ndipo mtu huniambia: "Lakini Dar kila mtu anafika kirahisi." Fungua ramani. Barabara ya Dodoma, inayoleta watu wa Mwanza, Shinyanga, Tabora na Singida, na ile ya Iringa, inayoleta wa Mbeya, Njombe na Songea, zinakutana Morogoro kabla ya kuendelea Dar. Watu hao wote wanapita Msamvu, stendi ya Morogoro, wakiwa wamekaa dirishani, halafu mnawalipia kilomita karibu 200 zaidi ili wakashuke Stendi ya Magufuli kule Mbezi na kuanza safari ya pili ya kuingia mjini. Wa Arusha, Kilimanjaro na Tanga wanafika Chalinze, na kutoka hapo kwenda Morogoro au Dar hakupishani sana. Wanaoumia kweli ni wajumbe wa Lindi, Mtwara na Zanzibar. Hao waongezeeni nauli bila kinyongo. Bado mtakuwa mmeokoa.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye karatasi ya hesabu. Ukumbi wa bure hauna mkataba. Jumatano mnapigiwa simu kwamba mkurugenzi ana kikao cha dharura, "mtuwie radhi, tutawapa ukumbi mdogo wa ghorofa ya tatu." Mtamlalamikia nani? Huwezi kumdai aliyekupa bure. Na masharti yake hayaandikwi popote, yanajitokeza yenyewe: mlinzi anataka kufunga saa kumi jioni, Jumamosi geti halifunguliwi, chakula cha nje marufuku hivyo mpishi ni wao na bei ni yao, umeme ukikatika dizeli ya jenereta ni yenu. Mkiwa na risiti ya kodi ya ukumbi, hata kama ni ndogo, mna pa kuanzia mazungumzo.

Halafu kuna muda. Ratiba inasema saa tatu asubuhi, kosta ya Sinza iko kwenye foleni, mgeni rasmi amekaa na viti vitupu, kikao kinaanza saa tano. Saa mbili hizo zinakatwa wapi? Kila mara kwenye majadiliano ya matawi, kwa sababu hotuba haikatwi. Wajumbe wanaolala uzio mmoja hawana tatizo hilo, na kazi yao nzuri kuliko zote wanaifanya usiku wakiwa wamevua viatu. Katibu wa tawi la Kahama anamuuliza mwenzake wa Songea alifanyaje hadi halmashauri ikawapa ofisi. Hilo hamlipati kwa watu waliotawanyika gesti kumi na mbili.

Ndiyo maana wimbo wangu ni mmoja, na kamati zinanicheka kwa kuurudia: tafuteni vitanda kwanza, ukumbi baadaye. Penye vitanda mia kwa bei ya huruma karibu kila mara pana ukumbi. Vyuo na shule za bweni wakati wa likizo ndizo hazina isiyotumika. Andikeni barua kwa mkuu wa chuo miezi mitatu kabla, na mfuatilie kwa miguu. Kisha mtumeni mtu mmoja akalale pale. Kutembelea mchana hakutoshi. Akalale, aone kama maji yanapanda saa kumi na moja alfajiri, kama vyandarua vina matundu, na kama jirani wa upande wa pili wa ukuta ni baa.

Mengine ya ukumbi, kwa haraka

"Dodoma siku zote ni nafuu." Jaribuni kati ya Aprili na Juni, Bunge la Bajeti likiwa limekaa, mniambie. Moshi ya Desemba, watu wanaporudi nyumbani, nauli na vyumba havishikiki. Mwishoni mwa Februari kuna mbio za Kilimanjaro. Wiki ya Nane Nane iogopeni katika kila mji wenye uwanja wa maonesho, Morogoro ikiwamo. Mji haupimwi bila kalenda.

"Hoteli yenye nyota itawavutia wafadhili." Mfadhili akiona vitambaa vya dhahabu kwenye viti atajiuliza mnamhitaji wa nini.

"Pakeji ya hoteli ni wizi, tujipangie wenyewe." Wakati mwingine pakeji ya kwa kichwa, yenye ukumbi, chai mbili, chakula cha mchana na maji, inashinda bei ya kukodi kila kitu peke yake, hasa mkutano wa siku moja ambao haulazi watu. Wizi uko kwenye idadi ya chini mliyosaini: mkiahidi watu 100 na wakaja 70, mnalipia 100. Ahidini 75 na mwombe nafasi ya kuongeza hadi siku mbili kabla. Na mkipewa profoma, yaani ankara ya awali, tazameni kama VAT ya asilimia 18 imo ndani au inawasubiri kwenye ankara ya mwisho. Nimeona mweka hazina akitokwa jasho kwa mstari huo mmoja.

"Projekta wanayo." Ulizeni na waya wake.

"Tukirusha video mubashara, wasiofika watakuwa wamefika"

Hii ni ya pili kwa kunichosha. Kamati inakodi kamera, inanunua bando kubwa, inamweka kijana nyuma ya ukumbi, na jioni watazamaji ni kumi na mmoja, wanne kati yao wamo humo humo ukumbini.

Video ya ubora wa kawaida, tuseme ya megabiti 3 kwa sekunde, inakula takriban GB 1.35 kwa saa. Kikao cha saa sita ni GB 8 na kidogo. Mnazilipa ninyi kurusha, na kila anayetazama anazilipa tena upande wake. Mwanachama wa Nachingwea hakuja kwa sababu hakuwa na nauli, sasa mnamtaka anunue GB 8 ili amwone mgeni rasmi akikata utepe? Zaidi ya hapo, YouTube hairuhusu kurusha mubashara kwa simu kama chaneli haijafikisha wafuatiliaji 50, na kuwezeshwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua hadi saa 24. Mambo haya hugunduliwa asubuhi ya mkutano, wimbo wa taifa ukiwa tayari umeanza. Wengine wanaandaa hashtagi ya X, mtandao uliofungwa nchini Mei 2025, kisha wanashangaa matawi hayajibu.

Aliye mbali anataka kujua nini kimeamuliwa, na nini kinafuata. Mwandikieni:

"Saa 5:20 asubuhi. Ripoti ya mweka hazina imesomwa, imejadiliwa, imepokelewa. Suala la vifaa vya matawi limepelekwa kesho saa 3:00. Kinachofuata: uchaguzi wa kamati ya vijana."

Ujumbe huo hauna hata KB moja, na unafika hata pale mnara unaposhika kwa shida. Jioni ongezeni sauti ya dakika tatu yenye muhtasari wa siku, kwa wale wanaopenda kusikia kuliko kusoma. Kama fedha ipo na mnaipenda sana kamera, rekodini kipindi kimoja chenye maana, kikateni, kipakieni baadaye.

Kazi hii wapeni watu wawili ambao si wajumbe wa kupiga kura, wala si mshereheshaji. Mmoja anasikiliza na kuandika, wa pili anasoma na kuhakiki na katibu kabla ya kutuma, kisha wanabadilishana. Mtu mmoja akiachiwa peke yake, kufikia saa nane mchana taarifa zinakuwa picha za sahani.

Zitumeni wapi? Kundi la WhatsApp linaishia watu 1,024, lakini kabla ya kufika huko litakuwa limekufa kwa "hongereni sana", "amina" na maua, huku azimio la msingi likiwa limezama chini. Fungeni kundi ili viongozi wake pekee ndio watume, au tumieni chaneli. Maswali yaende kwenye namba nyingine, na awepo mtu ukumbini mwenye kazi moja tu: kunyanyua mkono na kusema, "Kuna swali kutoka tawi la Kakonko." Mjumbe wa Kakonko akisikia baadaye kwamba swali lake lilisomwa na likajibiwa, huyo ndiye aliyehudhuria. Yule aliyetazama video kimya kwa dakika saba hakuhudhuria.

"Wi-Fi ya ukumbi ipo." Ipo mnapoikagua mkiwa watatu. Ijaribuni ukumbi ukiwa na simu mia moja mifukoni. Nunueni laini mbili za mitandao tofauti, na powerbank iliyojazwa usiku.

"Taarifa ya haraka ndiyo bora." Chama kimoja kilituma pendekezo la kupandisha ada likiwa bado linajadiliwa, bila neno "pendekezo". Mkutano ukalikataa dakika arobaini baadaye, lakini matawi mawili yalikwisha kutangaza kujitoa. Azimio halitumwi kabla ya kura kuhesabiwa na mwenyekiti kutamka matokeo. Likitumwa kwa makosa, msilifute kimyakimya. Tumeni sahihisho lenye saa yake, kwa sababu lile la kwanza limeshapigwa picha na kusambazwa.

"Mkutano ni wetu, picha ni zetu." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na chama cha kujitolea hakiko nje yake. Picha za watoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Hapo sibishani na mtu. Kwa watu wazima, wekeni kwenye fomu ya usajili kisanduku cha "sipendi kupigwa picha", na aliyekitia alama apewe kamba ya kitambulisho ya rangi tofauti ili mpiga picha amwone kwa mbali. Kamba hizo Kariakoo wanaziuza kwa jumla.