Jack Russell sio mtukutu, yupo kazini

Kwenye kliniki yetu hawa mbwa wanaletwa sana na malalamiko ni yaleyale, daktari kamechimba bustani yote, kanabweka hadi majirani wamechoka, kametafuna viatu, hebu kapigeni sindano katulie. Jamani hakuna sindano hapo, huyo mbwa haumwi.

Turudi Uingereza kidogo. Mwaka 1819 kijana John Russell, maarufu kama Jack, ndo mbwa hawa wanaitwa kwa jina lake, akiwa bado anasoma Oxford, alinunua kwa muuza maziwa mbwa jike mweupe mwenye mabaka, anaitwa Trump. Baadaye akawa mchungaji wa kanisa kule Devon na akaendelea kuzalisha mbwa wa aina hiyo kwa kazi moja tu: mbweha akikimbilia shimoni mbwa wakubwa wa kuwinda hawaenei, basi huyu mdogo ndo anaingia, anambwekea na kumsumbua mpaka atoke nje mbio ziendelee. Kumuua hapana, uwindaji ungeishia pale. Hata weupe wake una maana, asichanganywe na mbweha, na kifua chake kinatakiwa kiwe chembamba kiasi cha kukizungusha kwa viganja viwili.

Sasa fikiria yuko chini ya ardhi, giza, mbele yake kuna mnyama mwenye meno anayemlingana au kumzidi, na bosi wake hayupo wa kumwambia fanya hivi. Lazima awe jasiri, aamue mwenyewe, na apige kelele maana sauti ile ndo iliwaonyesha watu wa juu pa kuchimba. Ndo maana ukimwita anakuangalia kwanza kama anafikiria, sio dharau hiyo, ndivyo alivyozalishwa.

Kwa hiyo usidanganywe na umbo. Ana kilo 5 mpaka 8 hivi lakini anamvamia mbwa mkubwa mara nne yake bila kujipima, na vifaranga, sungura na panya kwake ni windo, kama unafuga kuku watenganishe mapema na barabarani usimwachie kamba. Anampenda sana mwenye nyumba, ni mwerevu, anajifunza haraka, ila mtoto mdogo anayemvuta masikio hatamvumilia muda mrefu, wasiachwe peke yao.

Kumpiga hakusaidii kitu, anazidi kuwa mkali tu. Mpe kazi: saa nzima ya kukimbia kila siku, mfichie chakula akitafute kwa pua, mtengee kona yenye mchanga achimbe mpaka achoke. Na jicho likiwa jekundu au anafumba fumba mlete siku hiyohiyo, uzao huu lenzi ya jicho huweza kuchomoka mahali pake na ukichelewa anapofuka.

Anaweza kuishi miaka 13 hadi 16. Kwa hiyo mtu akiniambia anakaa ghorofani, anatoka alfajiri na kurudi usiku, huwa namwambia waziwazi, huyu usimchukue.