Jengo la Kale Kugeuzwa Apatimenti za Wageni: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Jengo kongwe la katikati ya mji likinunuliwa ili lifanywe apatimenti zenye samani, za wageni wa siku tatu au wiki mbili, washauri hawakosekani. Kila mmoja ana lake, kuanzia fundi hadi shemeji wa mwenye jengo. Mengi wanayoyasema yanahusu kinachoonekana: rangi, taa, kitanda, picha za kuwavutia wateja. Lakini jengo huponea au huharibikia kwenye vitu ambavyo mgeni hatavigusa kamwe, na huko ndiko dhana potofu zinakoleta hasara.

"Limesimama miaka mia na zaidi, halina shida"

Limesimama likibeba mzigo uliozoeleka. Kuligeuza apatimenti ni kulitwisha mzigo mpya, na hesabu yake si ya kubahatisha. Zege la sentimita 5 linalomwagwa juu ya sakafu ya mbao ili vigae vikae sawa lina uzito wa kilo 120 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinaongezewa karibu tani 2 ambazo boriti zake hazikuwahi kuzibeba. Hapo bado ukuta wa matofali wa kutenga bafu, bado tangi la lita 1,000 darini, ambalo likijaa ni tani nzima.

Kuna mtego mwingine. Ukuta mwembamba wa ndani, ambao kwenye mchoro ni wa kugawa vyumba tu, mara nyingi umekwisha kuwa nguzo bila mtu kukusudia: boriti za juu zimepinda kidogo kidogo kwa miongo hadi zikaulalia. Ukiubomoa ili upate sebule pana, ghorofa ya juu nayo inashuka. Na kusimama kwa muda mrefu si kinga. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Mhandisi wa miundo aje kwanza. Mpambaji wa ndani anaweza kungoja.

"Saruji ni imara kuliko chokaa, kwa hiyo ni bora"

Ni imara kweli, na ubaya wake uko hapo hapo. Saruji ya Portland, ndiyo saruji ya kawaida ya leo, ilipewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) Uingereza mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin, na ilichukua miongo kadhaa kuenea. Majengo mengi ya kabla ya hapo, na si machache ya baadaye, yaliungwa kwa chokaa: mawe ya chokaa yaliyochomwa tanuruni kwenye joto la nyuzi 900 hivi, yakazimwa kwa maji, yakachanganywa na mchanga. Chokaa hukomaa taratibu, kwa kufyonza kaboni dioksaidi ya hewani. Ikishakomaa bado ni laini kuliko jiwe au tofali inaloliunganisha. Jengo likititia kidogo, ufa hupita kwenye kiungo, si kwenye jiwe, na kiungo ni rahisi kukikwangua na kukijaza upya. Ukijaza viungo hivyo kwa saruji, kinachopasuka sasa ni tofali lenyewe.

Kisha kuna maji. Ukuta mnene wa kale kwa kawaida hauna tabaka la kuzuia unyevu. Unyevu huingia na hutoka. Ukiupiga plasta ya saruji umeziba njia ya kutokea, ya kuingilia bado ipo, maana plasta ngumu hufanya nyufa nyembamba na mvua hupenya humo. Maji yanayokwama ukutani hubeba chumvi. Pale yanapokaukia, chumvi hugeuka fuwele, fuwele husukuma, na uso wa tofali hubanduka kama magamba ya samaki. Msimu wa kwanza ukuta unapendeza. Baadaye plasta inaanguka vipande vizima, na ukipitisha kidole nyuma yake unatoka na unga mwekundu.

Hapo ndipo anapotokea muuza rangi ya kuzuia maji, au wa sindano za kemikali za kupigwa chini ya ukuta. Kabla ya kumlipa, zunguka nje wakati mvua inanyesha. Tazama mfereji wa paa uliojaa majani, bomba la kuteremshia maji lililopasuka upande wa nyuma pasipoonekana, ardhi ya nje iliyomwagiwa zege tena na tena hadi ikapita usawa wa sakafu ya ndani. Unyevu mwingi una chanzo cha aina hii, na dawa yake ni ngazi na koleo.

Apatimenti ya wageni inaongeza unyevu wake. Watu wawili wanaoga maji moto asubuhi na jioni, madirisha yamefungwa, na hakuna mwenyeji wa kuyafungua wakiondoka. Feni ya kutolea mvuke yenye kihisi cha unyevu, inayojiwasha yenyewe, inasaidia kuliko rangi yoyote ya kuzuia kuvu.

"Kila chumba kitapata bafu lake"

Kwenye karatasi, ndiyo. Inua ubao mmoja wa sakafu uone. Tuseme boriti ina kina cha milimita 200. Kanuni inayofuatwa na mafundi wa Uingereza ni kwamba mkato wa juu ya boriti usizidi moja ya nane ya kina chake, yaani milimita 25, na tundu la katikati lisizidi robo, milimita 50. Bomba la choo lina kipenyo cha milimita 100 au zaidi kidogo. Halipiti. Lazima lilale sambamba na boriti, na hata hapo lina mteremko wake: likishuka milimita 1 kwa kila 40, ndani ya mita 4 limeshuka milimita 100. Jumlisha na unene wa bomba, utakuta limekwisha kutokeza kwenye dari ya chumba cha chini, huenda dari ileile yenye nakshi iliyokufanya ulipende jengo.

Ndiyo maana wabunifu wanaoijua kazi huanza kwa kuchora mabafu na majiko, wakayapanga ghorofa juu ya ghorofa kufuata bomba moja la wima, ndipo vyumba vya kulala vinapewa nafasi iliyobaki. Zipo mashine za kusaga uchafu wa choo na kuusukuma kwenye bomba jembamba, na wauzaji wake wana maneno matamu. Kwa familia inayojua masharti yake, sawa. Kwa mgeni anayetupa chooni kila alichonacho, ni simu ya saa nane usiku.

"Moto ni suala la wageni wakishaingia"

Kanisa kuu la Notre-Dame la Paris liliungua tarehe 15 Aprili 2019, likiwa katika ukarabati. Jengo la Glasgow School of Art, chuo cha sanaa cha Scotland, liliungua mwaka 2014, likawa linarudishwa katika hali yake, likaungua tena mwaka 2018 kabla kazi haijaisha. Børsen, jengo la zamani la soko la hisa la Copenhagen, liliwaka tarehe 16 Aprili 2024 likiwa nalo linakarabatiwa. Majengo ni tofauti, ila yote yalikuwa mikononi mwa mafundi.

Kipindi cha ujenzi ndicho jengo linapokuwa uchi. Sakafu zimefunuliwa, milango ya ghorofa imeng'olewa, vumbi la mbao limetapakaa, ving'ora vimezimwa ili vumbi lisivichokoze. Mtu anakata chuma kwa grinda, cheche inaingia kwenye uwazi ulio nyuma ya ukuta na kutulia humo kwa saa nzima bila kuonekana. Kazi zote za kuchomelea na za tochi ya gesi zisimame mapema kabla ya mafundi kuondoka, na mtu abaki akikagua. Bima nayo isomwe maandishi madogo: bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi haihusishi ukarabati mkubwa, wala biashara ya wageni itakayofuata.

Wageni wakishaingia, tatizo linabadilika. Hawajui ngazi iko wapi gizani. Ving'ora viunganishwe ili kimoja kikilia vyote vilie, na milango ijifunge yenyewe. Mlango wa zamani si lazima utupwe: mara nyingi unaweza kuongezewa ukanda unaovimba kwa joto na kuziba mianya.

"Kukwangua rangi ya zamani ni kazi ya kibarua yeyote"

Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi majumbani mwaka 1978. Kabla ya hapo ilitumika sana, huko na kwingineko. Kuipiga msasa mkavu ni kuirusha hewani, na vumbi lake ni hatari zaidi kwa watoto. Ipimwe kwanza. Asbesto, nyuzi za madini zilizotumika katika vifaa vya ujenzi vya zamani, ipimwe vilevile.

"Jengo la urithi haliguswi", na pacha wake, "wanalinda uso wa nje tu"

Dhana hizi zinapingana na zote mbili si kweli. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi duniani kote bado wanaurejelea, unasema katika kifungu cha 5 kwamba uhifadhi husaidiwa na jengo kupewa matumizi yenye manufaa kwa jamii, mradi mpangilio na mapambo yake yasibadilishwe. Marekani inakwenda mbali zaidi: ukarabati ulioidhinishwa wa jengo la kihistoria linaloingiza kipato unaweza kupata nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama zinazokubalika.

Kuhusu uso wa nje, mwulize yeyote aliyewahi kumiliki jengo lililo kwenye orodha ya urithi ya England. Ulinzi unaingia hadi ndani, kwenye ngazi, milango na mapambo ya dari, na kubadilisha tabia ya jengo hilo bila kibali ni kosa la jinai.

Mkataba huohuo, kifungu cha 9, unataka urejeshaji ukome pale kukisia kunapoanza. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifungu kinachosahaulika zaidi kwenye apatimenti za wageni. Boriti za plastiki zilizopakwa rangi ya moshi hazimdanganyi mtu. Jiko jipya lionekane jipya, lisimame bila kupigiliwa misumari kwenye ukuta wa zamani.

"Jengo ni langu, nitapangisha nitakavyo"

Kibali cha kukarabati na kibali cha kupokea wageni wa siku chache ni vitu viwili. New York ilianza mwezi Septemba 2023 kusimamia sheria inayomtaka anayepangisha kwa chini ya siku 30 asajiliwe na awepo mwenyewe nyumbani. London ina kikomo cha usiku 90 kwa mwaka kwa nyumba ya kuishi isiyo na kibali maalumu. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba haitahuisha leseni zaidi ya 10,000 za apatimenti za watalii, zikome ifikapo Novemba 2028. Waliokuwa wamekwisha kukarabati hawakuulizwa walitumia kiasi gani.

Kwa hiyo ofisi ya mipango miji iulizwe kwa maandishi kabla ya malipo ya awali, na michoro iache njia nyingine ya kulitumia jengo. Apatimenti yenye jiko kamili, mahali pa mashine ya kufulia na kabati la kutosha inaweza kupangishwa kwa mwaka mzima sheria ikibadilika. Chumba chenye birika na friji ndogo kitamfaa mgeni wa usiku mbili, lakini familia haitakaa humo.