Baba mdogo na mibuni yake

Kila Desemba ukoo wetu ukikutana Kibosho kuchinja mbuzi na kumaliza kesi za mipaka, lazima mtu amtaje baba mdogo. Ndiye mfano wa kuwatishia watoto. Kama kitindamimba alirithi kihamba cha babu, yaani shamba la nyumbani la ukoo, mibuni imesimama vizuri chini ya migomba, na ndani ya miaka michache kikawa pori. Watoto wake wawili waliishia darasa la saba. "Mbege ilimmaliza," shangazi husema, yaani ile pombe yetu ya ndizi, mazungumzo yakahamia kwingine.

Mimi nafundisha sosholojia, elimu ya jamii, hapa Moshi mjini, na nimechoka kuulizwa na ndugu zangu kwamba hiyo ni kazi gani. Basi nimtumie baba mdogo, marehemu atanisamehe.

Fani yetu huanza na swali la kitoto: yuko peke yake? C. Wright Mills, mwanasosholojia Mmarekani, aliliweka wazi mwaka 1959. Katika mji wa watu 100,000, mmoja akikosa kazi, mchunguze yeye: tabia yake, ujuzi wake. Lakini katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, kuchunguza tabia zao ni kupoteza muda.

Nikapita vihamba vya majirani zake. Nyumba baada ya nyumba, hadithi ileile, na kila mahali imefungiwa ndani kama aibu ya familia: huku mvivu, kule mlevi, pale karogwa.

Swali la pili: tangu lini? Hapa ndipo utamu ulipo. Tangu mwaka 1962 kulikuwa na mkataba wa kimataifa uliozipangia nchi mgawo wa kahawa ya kuuza nje, ili bei isianguke. Julai 1989 migawo ikafutwa, bei ya dunia ikaporomoka. Miaka ya tisini ilipofika katikati, Tanzania ikaruhusu wanunuzi binafsi. Zamani ushirika ulikukopesha pembejeo ukakata deni lake kwenye kahawa yako. Sasa mkulima angeweza kuchukua dawa huku na kuuza kule, na nani angeendelea kukopesha? Bila dawa, chulebuni, ugonjwa wa kahawa, ikaingia shambani, buni zikaoza mtini. Ukipita barabarani ulichokiona ni mwanamume aliyekaa chini ya mgomba mchana kweupe. Mvivu, si ndiyo?

Na mbege? Alikunywa, sibishi. Ila kwetu kahawa ilikuwa mali ya mume. Ndizi na maziwa vya mke. Kahawa ilipokufa, aliyebaki na hela mkononi ni mama mdogo, aliyekuwa akishusha ndizi sokoni Kiboriloni na, samahani shangazi, kupika hiyo mbege yenyewe. Mume aliyezoea kulipa ada akawa anaomba ya chumvi. Bei iliyopangwa mbali kule iliingia hadi jikoni ikabadilisha nani anamwamkia nani kwa unyenyekevu.

Wanafunzi hunibana hapa: mwalimu, mbona jirani yake aligeukia ng'ombe wa maziwa akafanikiwa? Swali zuri. Aligeukia kweli, na alikuwa na akili. Alikuwa pia na kaka Dar es Salaam aliyetuma hela ya ng'ombe wa kwanza. Baba mdogo, kitindamimba aliyeachwa kulinda nyumba ya wazee, ndiye aliyekuwa akingoja kutumiwa. Sisemi mtu hana hiari. Nasema hiari nazo hazikugawiwa sawa.

Desemba iliyopita nikayasema haya mbele ya ukoo. Walinisikiliza vizuri mpaka nilipomgusa babu. Babu ndiye mchapakazi wetu, aliyejenga nyumba ya tofali na bati mwaka 1977. Nikawakumbusha kwamba Julai 1975 baridi kali iliteketeza mibuni ya Brazil, kahawa ikaadimika duniani, na bei ya mwaka 1977 ilipaa kuliko ilivyowahi kuonekana. Babu alifanya kazi, ndiyo. Lakini alikuwa akiifanya hata mwaka 1970, kabla bei haijapaa.

Shangazi akaweka kibuyu chini. "Kwa hiyo nyumba hii ameijenga Mbrazili?"

Wakacheka wote. Mbuzi akaletwa, na mimi nikapewa shingo.