Je, wajua dawa ya moyo inaweza kuua seli zilizozeeka?

Aliyewahi kumuuguza mzee mwenye moyo dhaifu hapa Mwanza huenda anakijua kidonge cha dijoksini: kidogo, mara nyingi cheupe, robo miligramu tu. Dawa yenyewe ni ya siku nyingi. Mwaka 2019 ndipo makundi mawili ya watafiti, moja la Uingereza na jingine la Hispania, yalipoonyesha kwamba dawa za jamii hii huua seli zilizozeeka na kuziacha zilizo nzima.

Seli iliyozeeka ni ile iliyoacha kugawanyika lakini imekataa kufa. Inabaki mwilini ikimwaga kemikali zinazozidhuru jirani zake, na kadiri umri unavyosogea ndivyo zinavyorundikana.

Kwa nini dawa ya moyo iziue? Kila seli ina pampu kwenye ukuta wake: hutoa chembe tatu za sodiamu, huingiza mbili za potasiamu. Dijoksini huibana pampu hiyo. Kwenye moyo, sodiamu ikibaki ndani, kalsiamu nayo huongezeka, na msuli hukaza kwa nguvu zaidi. Hiyo ndiyo kazi inayotakiwa na daktari. Seli iliyozeeka, hata hivyo, ukuta wake umeshalegea. Ni sawa na mtumbwi uliotoboka katikati ya ziwa, unaoelea kwa sababu tu kuna mtu anakumba maji kwa kopo. Mnyang'anye kopo, unazama. Mtumbwi mzima utafika soko la samaki la Mwaloni na dagaa wake.

Waingereza walitumia ouabaini, ndugu yake dijoksini. Hiyo, msishangae, imo kwenye mti wa msunguti, ambao wawindaji wa Afrika Mashariki wamepaka utomvu wake mishaleni tangu enzi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ng'ambo ya Serengeti, nao hutumia mimea mingine yenye sumu za ukoo huohuo.

Majaribio hayo yalifanywa kwa seli za maabara na panya, kwa hiyo vidonge vya bibi viacheni kabatini. Kati ya dozi ya dijoksini inayotibu na inayodhuru pana nafasi finyu mno. Dawa hii hutolewa na figo, na figo za mzee huchelewa. Akiwa anatumia pia dawa ya kupunguza maji mwilini, potasiamu hushuka na sumu huzidi makali. Akianza kutapika, kukosa hamu ya kula au kuona vitu vya njano, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.