Cheti cha Aina ya Ndege Si Leseni: Maelezo kwa Mafundi Vijana wa Mtwara na Lindi na Wazazi Wao

Msimu wa korosho ukifika na malipo ya mnada yakaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, wauza kozi nao huingia mjini. Malalamiko tunayopokea sisi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kutoka Masasi, Newala, Nachingwea na Mtwara mjini yanafanana sana. Mzazi amelipa, kijana amepewa cheti chenye picha ya ndege kinachosema amehitimu mafunzo ya Dash 8 au Airbus, na alipokipeleka kuomba kazi akaambiwa hakimruhusu hata kufungua kifuniko cha oili. Kisha tunaandikiwa barua kwamba tunawabania watoto wa kusini. Hatumbanii mtu. Wapo vijana huku wenye mikono mizuri ya ufundi, na nchi inawahitaji, ndiyo maana inauma kuona fedha ya familia ikiishia kwenye karatasi isiyo na kazi.

Tangu uwanja wa Mtwara ukarabatiwe na njia ya kurukia kurefushwa hadi mita 2,800, hamu ya vijana kuhusu ndege imepanda, na ni jambo jema. Ila kozi ya aina ya ndege, yaani mafunzo ya kutengeneza ndege ya aina moja maalumu, haiji mwanzo wa safari. Huja juu ya msingi uliokwisha kujengwa.

Kwanza ieleweke kwa nini kozi hizi zimegawanywa. Injini ya PW150A iliyo kwenye Dash 8-400 ya ATCL (Air Tanzania) na PW127 iliyo kwenye ATR 72 ya Precision Air zote zimetengenezwa na Pratt & Whitney Canada, na zote huzungusha pangaboi lenye mapanga sita. Hata hivyo fundi aliyefunzwa moja haruhusiwi kuisainia nyingine, yaani kuthibitisha kwa sahihi yake kwamba matengenezo yamefanyika sawasawa. Ndege ya jina lilelile ikifungwa injini tofauti, nayo huhesabiwa kozi nyingine: Boeing 787 yenye Trent 1000 ya Rolls-Royce, kama zile za ATCL, haichukuliwi sawa na 787 yenye GEnx ya General Electric. Wengi huita huu urasimu. Ukweli ni kwamba kila injini ina tabia zake. Kwenye PW1500G ya Airbus A220, feni ya mbele haizungushwi moja kwa moja na shafti ya tabaini (sehemu inayozungushwa na gesi moto). Katikati kuna gia inayopunguza mzunguko, nayo ina ukaguzi wake na dalili zake za kuharibika. Aliyezoea injini isiyo na gia hiyo hana pa kuzijulia dalili hizo kama hakufundishwa.

Mfano wa karibu zaidi ni Cessna Caravan, ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vya pwani kama Kilwa Masoko. Injini yake ni PT6A. Sisi watu wa pwani tunajua upepo wa bahari unavyokula bati la nyumba. Ndani ya injini chumvi hiyohiyo hung'ang'ania mapanga ya kompresa (sehemu inayobana hewa), nguvu ikapungua, joto likapanda na vyuma vikaanza kuliwa. Kwa hiyo kiwanda kinaelekeza injini inayofanya kazi kwenye hewa ya chumvi ioshwe mara kwa mara. Lakini maji yawe ya usafi gani, injini iwe imepoa kwa muda gani, stata izungushwe kwa sekunde ngapi kabla ya kupumzishwa, hayo yote yameandikwa kwenye kitabu cha injini ile, na fundi anatakiwa kuyafuata kama yalivyo. Kazi inayoonekana kama ya kuosha gari inaweza kuunguza stata au kuharibu injini yenye thamani kubwa.

Sasa kuhusu vyeti vyenyewe. Mafunzo haya yana viwango. Kiwango cha I ni utambulisho tu: mifumo mikuu ya ndege, hatari zilizopo, mahali pa kusimama na mahali pa kutosogea. Humalizika kwa siku chache, na humfaa hata mpakia mizigo. Kiwango cha III ndicho cha fundi wa matengenezo. Kanuni za Ulaya, zinazofuatwa na kampuni nyingi hata nje ya Ulaya, zinataka fundi wa mitambo asome angalau saa 120 za nadharia kwa ndege za tabaini zenye uzito wa kuruka kuanzia kilo 5,700 hadi 30,000, kundi la ATR 72 na Dash 8-400 nyingi. Zaidi ya kilo 30,000 ni saa 150. Mtihani hufauliwa kwa alama 75 kwa 100. Baada ya hapo kuna vitendo kwenye ndege yenyewe, na kwa anayeomba aina yake ya kwanza kuna pia kazi chini ya usimamizi ndani ya karakana iliyoidhinishwa. Kwa hiyo anayekuahidi kukumalizia Dash 8 kwa wikiendi mbili anakuuzia kiwango cha I kwa bei ya kiwango cha III. Soma cheti chote, hasa maandishi madogo ya chini. (Cheti cha A220 kikiandikwa BD-500 usishtuke, ndilo jina la ndege hiyo kwenye hati zake tangu enzi za Bombardier, kabla Airbus haijaipa jina jipya mwaka 2018.)

Msingi ninaousema ni leseni ya fundi wa matengenezo ya ndege. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka mwombaji awe na umri usiopungua miaka 18 na uzoefu wa miaka 4 wa kazi za ndege, au miaka 2 ikiwa amemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa, kisha afaulu mitihani. Hapa nchini leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Aina ya ndege huongezwa kwenye leseni hiyo. Na hata ikishaongezwa, ni karakana iliyokuajiri ndiyo itakayokupa idhini ya kusaini kwa niaba yake. Ukihama kampuni, idhini hiyo inabaki kule.

Tunaulizwa pia, na kwa kweli tumeshajibu mara nyingi, kama uzoefu wa injini za gesi za kufua umeme unahesabika. Hauhesabiki. Zipo tabaini za umeme, kama LM6000, zilizozaliwa moja kwa moja na injini ya ndege aina ya CF6, lakini tabaini iliyofungwa kwenye zege haibebi abiria, wala kazi zake haziandikwi kwenye kumbukumbu za ndege. Vivyo hivyo mashine za boti. Ujuzi huo utakusaidia darasani, hautakupunguzia miaka.

Kitabu cha kumbukumbu za kazi ndicho kinachowakwamisha wengi, kwa hiyo nitakieleza kwa kirefu. Kila kazi iandikwe siku ileile: tarehe, namba ya usajili ya ndege (za kwetu huanza na 5H), aina ya ndege na injini, kazi iliyofanyika, sura ya kitabu cha matengenezo iliyofuatwa, kisha sahihi na namba ya leseni ya aliyekusimamia. Usiandike "nilisaidia injini". Andika ulibadilisha chujio la oili, sura ya 79. Kitabu kilichojazwa miaka 2 kwa kalamu moja na mwandiko wa usiku mmoja hutambulika mara kinapofunguliwa, na hapo tunalinganisha na kumbukumbu za ndege zenyewe. Ikiwa ndege ilikuwa angani saa unayodai ulikuwa umefungua injini yake, ombi linasimama hapohapo.

Kuwasilisha maelezo ya uongo au cheti cha kughushi ni kosa. Ombi hukataliwa, leseni iliyokwisha kutolewa inaweza kusimamishwa au kufutwa, na suala likafika mahakamani. Msimamizi aliyesaini kazi asiyoiona naye anaingia humo humo. Leseni ikilala nayo huleta shida: ICAO inataka mwenye leseni awe amefanya kazi za ndege kwa angalau miezi 6 ndani ya miezi 24 iliyopita ndipo aitumie.

Kwa aliyemaliza kidato cha nne, anzia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Dar es Salaam, kinachofundisha matengenezo ya ndege. Hisabati na fizikia zitakubeba. Aliyetoka VETA aombe kama wengine, asidhani ameshavuka mlango. Kozi ya aina ya ndege kwa kawaida hulipiwa na mwajiri, kwa mkataba wa kumtumikia muda fulani. Usome kabla ya kusaini.

Kabla ya kulipa chuo chochote, ulizeni TCAA kama kimeidhinishwa kwa kozi hiyo hasa, maana chuo kinaweza kuwa na idhini ya kozi moja kikatangaza tano. Msitume ada kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Mliokwisha kulipa, hifadhini risiti, ujumbe wa miamala, tangazo na cheti chenyewe, mkaripoti polisi. Sisi hatuna uwezo wa kurudisha fedha, lakini tukiandikiwa tutathibitisha kwa maandishi kama chuo hicho kilikuwa na idhini au hakikuwa nayo, na maandishi hayo mnaweza kuyaambatanisha kwenye jalada la kesi.