Aliyeacha dawa za presha si lazima awe mkaidi

Mtu akiacha dawa za presha, hapa Mombasa utasikia: "Huyo hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini." Mara nyingi si ukaidi. Presha kwa kawaida haiumi. Mama muuza mahamri wa Likoni, anayejihisi mzima, anachokiona ni kidonge kinachomkimbiza chooni, naye yuko kwenye foleni ya feri. Siku ya kuvuka anakiruka. Hesabu yake si ya kijinga. Hakuna aliyemwambia aulize kama saa ya kumeza yaweza kubadilishwa.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2003 ilisema hata nchi tajiri, wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu ni wastani wa asilimia 50. Wote hao wakaidi? Ukimgombeza, atajifunza kudanganya: "Nameza, daktari." Daktari naye anaongeza dozi.