"Implicit" si kufichwa, ni kukunjwa

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa barua ya Kiingereza ya kumpendekeza dada mmoja kazini, niitafsiri. Sentensi ya mwisho ilisema: "I trust her implicitly." Bila kusita nikaandika, "Namwamini kwa namna isiyo wazi." Mwenye kazi akaisoma mara mbili, akaniuliza: huyu bosi anampendekeza au anamchongea?

Alikuwa na haki ya kuuliza. Sentensi ile ilikuwa na maana ya "namwamini kabisa, sina shaka naye hata chembe." Mimi nilikuwa nimebeba dhana ya darasani kwamba "implicit" ni "isiyo wazi", basi. Kumbe neno lina maana mbili, na ukizitazama haraka utadhani zinapingana.

Shina lake ni Kilatini: "plicare", kukunja. "Implicare" ni kukunjia ndani, na "explicare" ni kukunjua. Kwa hiyo kilicho "implicit" kimo ndani ya maneno, ila hakijakunjuliwa. Ile maana ya pili ya imani isiyo na shaka ilipitia kwa wanateolojia. Wao walikuwa na istilahi "fides implicita": imani ya muumini asiyeyajua mafundisho yote kinaganaga lakini anayakubali yote, kwa kuwa ndiyo yanayofundishwa na Kanisa. Imani yake imekunjwa ndani ya imani ya Kanisa. John Calvin, mmoja wa viongozi wa mageuzi ya Kiprotestanti katika karne ya 16, aliipinga vikali, akishikilia kwamba imani hukaa kwenye kujua, si kwenye kutojua. Lakini neno lilikwishashika njia yake, na leo "implicit trust" na "implicit obedience" ni imani na utii usiouliza maswali.

Wapo pia wanaosema jambo la "implicit" ni siri. Sikubali. Mtu akikwambia, "Juma ameacha sigara," umeshajua kwamba Juma alikuwa akivuta. Hakuna aliyekutamkia hilo, wala hakuna aliyekuficha. Mwenye siri hataki uijue. Mwenye kudokeza anategemea ushike. Ndiyo maana siku hizi nikitafsiri nakwepa "fiche" na "isiyo wazi", naandika "lisilotamkwa" au "linaloeleweka bila kusemwa". Ni marefu, najua, lakini hayapotoshi.

Dhana inayoweza kumgharimu mtu fedha ni hii: kisichoandikwa hakina nguvu. Mwaka 1889 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya meli iitwayo Moorcock. Meli hiyo ilifungwa kwenye gati la mto Thames ili ishushe shehena. Maji yalipokupwa ikakalia ardhi ngumu, ikaumia. Mkataba haukusema neno lolote kuhusu sakafu ya mto. Lakini pande zote mbili zilijua kwamba maji yakitoka, meli itakaa chini. Mahakama ikaona kwamba ndani ya makubaliano yale mlikuwa na ahadi: wenye gati wamechukua hadhari ya kutosha kujua kama mahali pale ni salama. Wakawajibishwa.

Hata kwetu, sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania zimerithi fikra hiyo kutoka Uingereza. Ukinunua simu dukani na risiti ikaonyesha bei tu, bado sheria inachukulia kwamba muuzaji ana haki ya kuiuza. Ikija kugundulika ni ya wizi, hawezi kujitetea kwamba hakuandika popote kuwa ni yake. (Wanasheria, kwa mazoea yao, hapo husema "implied", si "implicit". Ukiandika "implicit terms" utaeleweka, ila watajua wewe si mwenzao.)

Kwa wanasaikolojia neno limegeuka kidogo. Tangu jaribio maarufu la 1998 la kupima vitu ambavyo akili huvihusisha haraka, "implicit bias" imekuwa ikitajwa kila mahali, na wengi huielewa kama ubaguzi ambao mtu anauficha. Hapana. Ni mwelekeo ambao huenda hata mwenyewe hajui anao.

Kuhusu "imply" na "infer" sina mengi. Anayedokeza ndiye "imply", anayeng'amua ndiye "infer". Ukimwandikia mteja "you are inferring that I am a thief" wakati yeye ndiye aliyekurushia fumbo, umegeuza mshale. Na jambo huwa "implicit in" kitu fulani. "Implicit of" naiona mara nyingi, nayo si sahihi.

Kisha kuna vijana waliokutana na neno "explicit" kwenye vibandiko vya nyimbo za Kimarekani, wakahitimisha kwamba maana yake ni matusi. Maana ya msingi ni "iliyotamkwa waziwazi". Kibandiko kinaonya tu kwamba humo mambo hayakufunikwa. "Explicit instructions" ni maelekezo bayana, hata yakiwa ya kupika ugali. Na wanakili wa miswada ya Kilatini wa Enzi za Kati, watawa wakiwemo, walikuwa wakimaliza kazi wanaandika "explicit" chini ya mstari wa mwisho: gombo limekunjuliwa lote.